Bimu ya baraza juu ya nguzo tatu: ya kati inabeba kiasi gani khasa?

Mtambwe_Juu

Assalaam alaykum, shikamooni wakubwa. Nasoma ujenzi, mwaka wa pili, na nyumbani Mtambwe tunajenga nyumba ya ami yangu. Mbele kuna baraza, na bimu yake ni moja inayopita juu ya nguzo tatu. Nguzo ya kwanza hadi ya kati ni mita 4, ya kati hadi ya mwisho mita 3. Ilikuwa iwe 4 na huko pia, lakini kuna mkarafuu na ami hataki hata tawi liguswe. Mzigo wa slabu, ukuta mdogo wa juu na bimu yenyewe ni kilonyutoni 18 kwa kila mita, vizidishi vya usalama vimeshaingia.

Fundi anasema kila nguzo ichukue nusu ya kila nafasi inayoigusa: 36, 63 na 27. Programu ya kompyuta ya rafiki yangu inatoa 28.7, 80.1 na 17.2. Nimezipima zote mbili. Jumla ni 126 kwa zote, na momenti (nguvu ya kuzungusha, yaani nguvu mara umbali) kuzunguka nguzo ya kwanza ni 441 kwa zote. Sasa vipi majibu mawili tofauti yote yawe na usawa? Na besi ya kati, yaani msingi wa ile nguzo, niichimbe kwa namba ipi?

Bi_Maweni

Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Umefanya la maana kuyapima yote mawili kwanza, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe. Una visivyojulikana vitatu na milinganyo miwili tu ya usawa. Ipe nguzo ya kati 50, ipe 70, ipe 90, ukisharekebisha za pembeni usawa utakubali. Usawa peke yake hauwezi kukuchagulia. Anayechagua ni bimu, kwa namna inavyopinda.

Namba za fundi ni sahihi kabisa kwa bimu mbili zilizokatwa juu ya nguzo ya kati. Hebu zitazame hizo mbili. Ncha ya bimu kama hiyo hugeuka kwa pembe ya wL³/24EI: w ni mzigo kwa mita, L ni urefu wa nafasi, EI ni ugumu wa bimu kupinda. Upande wa mita 4 ni 18 × 64 ÷ 24 = 48, upande wa mita 3 ni 18 × 27 ÷ 24 = 20.25, zote zikigawanywa kwa EI. Kila ncha inaelemea upande wake, kwa hiyo juu ya nguzo pangefunguka mwanya wa 68.25. Lakini zege lenu linamwagwa kwa pamoja na nondo zinapita moja kwa moja. Mwanya hauna ruhusa ya kuwepo. Basi lazima pale juu ya nguzo iwepo momenti ya kuufunga. Momenti M ikikaa kwenye ncha huigeuza kwa ML/3EI, na kwa pande mbili inakuwa M × 7 ÷ 3. Kwa hiyo M = 68.25 × 3 ÷ 7 = 29.25.

Yaliyobaki ni mepesi. Momenti hiyo inaipunguzia nguzo ya kwanza 29.25 ÷ 4, yaani 7.31, na ya mwisho 29.25 ÷ 3, yaani 9.75, na yote inarudi kwa ya kati. Unapata 28.69, 80.06 na 17.25. Programu imesema kweli. Huu ndio mlingano wa momenti tatu wa Clapeyron, Mfaransa, wa mwaka 1857, ila nimekupitishia mlango wa nyuma ili uone unakotoka.

Besi ya kati ichimbe kwa 80. Ni zaidi ya 63 kwa robo na ushei. Na usisahau kwamba 29.25 inavuta zege la *juu*, si la chini.

Kijana_Mkoani

Ukitaka kuihakiki kwa njia ya kugawa momenti ya Hardy Cross, Mmarekani, ya mwaka 1930, ni hatua moja tu. Ishike bimu juu ya nguzo ya kati isigeuke: wL²/8 inatoa 36 upande mmoja na 20.25 upande wa pili. Tofauti ni 15.75. Igawe kwa ugumu wa kila upande, 3/7 kwa upande mrefu na 4/7 kwa mfupi: 36 − 6.75 na 20.25 + 9. Zote 29.25.

Fundi_Chake

Sisi mafundi hilo la nondo za juu tunalijua. Zile mbili za kushikia ringi hazitoshi, juu ya nguzo ya kati tunaongeza nyengine na kuzipitisha robo ya nafasi kila upande. Hapo kwenu ni mita 1 huku na sentimita 75 kule.

Bi_Maweni

Ahsante fundi, na laiti wote wangefanya hivyo. Ila kwa bimu hii robo itawaangusha, tena upande ambao mtu hautarajii. Upande wa mita 4 mvuto wa juu unakwisha sentimita 81 kutoka nguzo ya kati. Upande wa mita 3, kwa kuwa nguzo ya mwisho inabeba 17.25 tu, unaendelea hadi mita 1.08. Nondo ya sentimita 75 inakatikia pale ambapo zege bado linavutwa. Pitisheni mita 1.5 pande zote mbili. Jirani mfupi wa nafasi ndefu ndiye wa kuangaliwa sana.

Mtambwe_Juu

Nimeelewa, Mungu akubariki. Jambo moja: nguzo ya kati inaangukia palipokuwa na shimo la karo la zamani. Lilifukiwa kwa kifusi. Za pembeni ziko kwenye udongo mgumu.

Bi_Maweni

Hilo ungelitaja mwanzo, mwanangu! Hesabu yote hapo juu imechukulia nguzo tatu zimekaa usawa mmoja. Kwa bimu ya milimita 230 kwa 400, kila milimita moja ambayo ya kati itatitia peke yake inaipunguzia kama kilonyutoni 4.5. Ikititia 5 tu, mizigo ya nguzo inakuwa karibu 38, 58 na 30. Ule mvuto wa juu pale kwenye nguzo umetoweka, na tumbo la upande wa mita 4 linabeba momenti ya kama 41 badala ya 23. Zege likianza kupasuka ugumu hupungua na athari huwa ndogo kuliko hivyo, lakini usilitegemee.

Msiweke besi juu ya kifusi hicho. Kitoeni chote mpaka mfike udongo ambao haujawahi kuguswa, mjaze zege duni, lenye saruji kidogo, hadi kimo cha besi, ndipo nguzo isimame. Na nondo za chini za upande wa mita 4 zipimeni kwa momenti ya 36, kama vile bimu imekatwa. Mtaongeza nondo chache tu.