Mrejesho: Mama ameshapigwa eko ya moyo

Wakuu, niliuliza kama eko (kipimo cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti) inauma na kama mama aende bila kula. Asanteni mlionijibu. Hakuna sindano wala kufunga. Alikunywa chai na dawa zake za presha kama kawaida.

Alivua nguo za juu, akajifunika kanga, akabandikwa waya kifuani, kisha akalala ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa. Jeli ya baridi ndiyo iliyomshtua! Kile kifaa cha kupimia hukandamizwa katikati ya mbavu, hapo panabana kidogo, na mara unaambiwa, "Toa pumzi, ibane." Mashine ikianza kulia fwosh-fwosh msiogope, ni damu inavyopita kwenye moyo. Ilichukua kama nusu saa.

Majibu: kila pigo moyo unasukuma nje asilimia 58 ya damu iliyojaa chumba chake cha kushoto cha chini, daktari kasema hapo ni pazuri, ila ukuta wa chumba hicho umenenepa kwa presha ya miaka mingi. Kabadilishiwa dawa.

Na yule aliyenitisha na mionzi: eko ni mawimbi ya sauti, mionzi haimo kabisa. Ya kufunga kula ni ile ya kupitisha mpira kooni, msichanganye.