Kuhamia Tunguu na kazi iko Shangani: usiku mnarudije?

Bi Mikunguni:
Assalamu alaykum wenzangu. Tumepata nyumba Tunguu, ina uwanja na kisima, na kodi ni nafuu kuliko hii ya Mikunguni, hapa mjini Unguja. Mume wangu keshaipenda. Tabu yangu kazi: nipo hoteli Shangani, wiki moja asubuhi, wiki moja jioni mpaka saa nne usiku. Huko watu mnafikaje mjini, na mnarudije? Mume anasema tununue Vespa, mie roho haijataka.

Mkaazi wa Tunguu:
Waalaykum salaam. Asubuhi usiogope. Wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA wanakuja huku, wewe unakwenda kule, gari zilizowashusha zinarudi zinatafuta abiria. Daladala namba 309 ya Jambiani na 310 ya Makunduchi usizitegemee, mara nyingi zikifika kwetu zishajaa, na juu kwenye keria hapana pa kuweka hata kikapu. Ramadhani baada ya alasiri toka mapema, kila mtu anawahi futari, na dereva ni mtu pia.

utingo_mstaafu:
Asubuhi si suala, suala ni saa nne. Gari za shamba hazingoji watu wa zamu. Zinazochelewa ni za karibu na mji, kama njia ya Fuoni. Utapanda mpaka Fuoni, halafu boda. Tafuta dereva mmoja anayejulikana mtaani, mpatane kwa mwezi, si kila usiku uanze kuvutana bei gizani. Na hiyo pesa uitoe kwenye hiyo kodi mnayosema nafuu, ndio mtajua kama nafuu kweli.

Shamba Mjini:
Hoteli kwenu hamna gari ya wafanyakazi? Kabla hamjalipa kodi, muulize meneja inafika wapi, na ukiwa peke yako wa upande huo watakupeleka au watakushusha njiani.

Bi Mikunguni:
Ipo, inaishia Kwerekwe, kabla ya Fuoni. Na Vespa je?

utingo_mstaafu:
Mchana raha. Usiku wa masika, peke yako, kuanzia Fuoni kwenda juu, mie dada yangu nisingemruhusu. Lakini mumeo akija kukupokea Kwerekwe kwa hiyo Vespa, boda huihitaji tena.

Bi Mikunguni:
Ahsanteni. Basi nyumba kaipenda yeye, kunipokea atanipokea yeye. Nnamwonesha uzi huu usiku huu huu.