Viza ya kazi Uingereza: ukikosana na bosi umekosana na nchi nzima

Wakuu, sa hivi ni saa tano usiku, nimeshindwa kulala, acha niandike tu.

Nipo Uingereza tangu katikati ya 2023, ni injinia wa programu, nilikuja kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Kabla sijaja kila niliyemuuliza aliniambia we nenda, ukishafika utahamia kampuni yoyote unayotaka. Jamani naomba tuache kudanganyana. Hii viza inakufunga kwa mwajiri mmoja, yule aliyekutolea cheti cha udhamini, ile COS, na kwa kazi ile ile iliyoandikwa humo. Ukitaka kuhama unaomba upya, unalipa upya, na huruhusiwi kuanza kwa mwajiri mpya mpaka ombi lijibiwe.

Sasa sikieni kilichonikuta mwezi uliopita. Miezi minne mfululizo naitwa kazini wikiendi, mfumo umeanguka, njoo, na hailipwi wala sirudishiwi siku zangu. Nikaandika tarehe zote kwenye karatasi, nikaenda kwa bosi kwa adabu kabisa. Akaisoma, akaiweka chini, akaniambia "unakumbuka nani anashikilia viza yako?" Basi. Hakusema kingine. Na mwenzangu tunayekaa naye meza moja, raia wa hapa hapa, wiki iliyotangulia alilalamikia kitu hicho hicho na siku zake akarudishiwa zote. Mi nikasema sawa, nikarudi kwenye kiti nikaendelea na kazi. Nina mke, nina mtoto, nina miaka tisa kwenye hii fani, na nikasema sawa. Inaniuma mpaka leo.

Kwanini nilinyamaza? Kwa sababu nilipiga hesabu pale pale nikiwa nimesimama mbele yake. Akinifukuza, anatakiwa kuripoti uhamiaji ndani ya siku 10 za kazi, halafu inakuja barua ya kufupisha kibali, na kawaida unabakiziwa siku 60. Ndani ya hizo 60 utafute kazi, na sio kazi yoyote, kampuni lazima iwe na leseni ya udhamini, ikutolee COS mpya, na wewe uwe umeshatuma maombi kabla hazijaisha. Kwenye kazi zetu usaili wenyewe una hatua tatu nne, simu, mtihani, mkutano na timu, mkutano na mkubwa, mwezi umekatika hapo na hujaahidiwa kitu. Na ukiuliza tu "mnadhamini?" mazungumzo yanapoa, wengine wanaandika kabisa kwenye tangazo kwamba hawadhamini mtu.

Halafu mshahara. Nilipokuja kima cha chini cha mshahara ili upewe hii viza kilikuwa paundi 26,200 kwa mwaka, tarehe 4 Aprili 2024 wakapandisha mpaka 38,700, na 22 Julai 2025 ikawa 41,700. Sisi tuliokuwa na viza kabla ya hiyo Aprili 2024 tumewekewa kima cha chini kidogo cha mpito, lakini kuna watu wawili wa kuajiri nimeongea nao hawajui hata kama kipo, wanaona 41,700 wanafunga faili lako.

Na hela tunatoa. Ile ada ya afya mi nililipa paundi 624 kwa kila mwaka wa viza, mke hivyo hivyo, mtoto 470, na unalipa miaka yote kwa mkupuo kabla hujapanda ndege. Tangu Februari 2024 imekuwa 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto. Hapo bado kila mwezi nakatwa kodi na bima ya taifa kama mfanyakazi mwingine yeyote. Ila kazi ikikatika siwezi kuomba Universal Credit, ile posho ya serikali kwa wasio na kazi au wenye kipato kidogo, wala nyumba ya halmashauri, viza imekataza.

Kitu kinachonichoma zaidi ni hiki. Mke wangu yuko kwenye viza ya mtegemezi, yani viza yake imening'inia kwenye yangu, na yeye anaruhusiwa kufanya karibu kazi yoyote kwa mwajiri yeyote. Ameshahama kazi mara mbili, Ijumaa anaaga huku Jumatatu anaanza kule, hajajaza fomu hata moja ya uhamiaji. Kwa hiyo inawezekana! Mtu mgeni anaweza kuhama kazi na nchi isianguke. Mbona mimi niliyeitwa kwa ujuzi wangu ndio nimefungwa? Na yangu ikikatwa na yake imekwenda, na mtoto anatolewa shule katikati ya muhula.

Tulikuwa tunahesabu miaka mitano tupate ukazi wa kudumu tupumue. Mei 2025 serikali ikatoa waraka wa sera kwamba inataka iwe 10. Kumi chini ya mtu anayekuuliza nani anashikilia viza yako??

Najua kuna atakayesema kama pagumu rudi. Ndugu, sijaomba upendeleo. Nataka COS ifungwe kwenye fani, sio kwenye bosi, na hizo siku 60 ziwe walau miezi sita, ili mtu akidhulumiwa aweze kufungua mdomo.

Na nyie mnaojiandaa kuja, mwajiri akikwambia ulipie gharama ya COS kimbia, tangu mwisho wa 2024 hairuhusiwi kumtwika mfanyakazi hiyo gharama.

Sasa waliowahi kuhama mwajiri wakiwa huku huku Uingereza naombeni mnisaidie. Kutoka kupata COS mpya mpaka kujibiwa ilichukua wiki ngapi? Na bosi wa zamani mlimwambia kabla au baada ya majibu? Nina usaili Alhamisi na huyu wangu bado hajui.