Raha au Furaha: niandike lipi kwenye mashua?

Kijana wa Matondoni
Assalaam alaykum jamani. Mashua yangu fundi keshaimaliza, kalafati ya kuziba nyufa tayari, rangi imekauka. Limebaki jina. Mimi nataka FURAHA, baba ashikilia RAHA. Kwanza alisema ni herufi nne tu na mchoraji hulipwa kwa herufi (nadhani siri yote iko hapo). Jana kaja na hoja nyengine: furaha ni ya watoto wa Idi, jioni imekwisha, raha hukaa. Nikanyamaza, mzee hajibizwi. Kwani si kitu kimoja?

Bi Mkubwa Langoni
Waalaykum salaam mwanangu. Si kimoja hata kidogo. Yote mawili asili yake Kiarabu, ila raha ni kupumzika, furaha ni kuchangamka moyo. Huko Misri farah ndiyo harusi yenyewe.

Nikitoka sokoni jua la saa saba, nikavua viatu, nikakanyaga sakafu baridi, naona raha. Wala sijafurahi! Pengine nimenuna, samaki changu kapanda bei. Lakini usiku aliojifungua binti yangu nilikesha kwenye kiti cha mbao, mgongo wote moto. Raha sikuwa nayo hata chembe, na furaha ilinijaa mpaka nikawa nalia.

Mwalimu, Malindi
Shikamoo Bi Mkubwa, umemaliza. Langu dogo tu: furaha ina kitenzi chake, unafurahi, unafurahia zawadi, mnafurahiana. Raha haina, lazima uione, uipate, ujipe au uile. Na huko kuila ndiko kwenye maneno. Ukiambiwa fulani ni mtu wa raha, uliza kwanza nani analipa.

Halafu naomba tuache kuandika "baada ya dhiki furaha". Methali ni "baada ya dhiki faraja". Faraja ni kuondokewa na uzito, neno jingine kabisa. Kila mwaka nalisahihisha na kila mwaka larudi.

Mpita njia
Andika BASHASHA 😂 herufi nane, mzee azimie.

Bi Mkubwa Langoni
Bashasha ni ya uso, wewe. Mashua ina uso?

Kijana wa Matondoni
Marahaba na ahsanteni. Nimemsomea baba yote. Nikamwambia, hii ni mashua ya kuvua: usiku kucha umelowa, wachota maji ya ngama, yale yatuamayo chini ya mashua, mikono imechubuka kwa kamba. Raha gani humo? Ila ukivuta wavu ukahisi ni mzito, hiyo nyengine. Hakujibu.

Leo mchoraji kaandika FURAHA kwa chaki ubavuni. Baba kasogea, kafunika herufi mbili za mbele kwa kiganja, kasoma kwa sauti yaliyobaki: RAHA. Kanitazama weee. Kisha kamwambia mchoraji, "Hizi nne nalipa mimi. Hizo mbili mdai yeye."