Naomba ushauri: kaka anataka kuacha pombe, tuanzie wapi?

Habari zenu wakuu. Kaka yangu anakunywa kila siku, na siku hizi anachanganya na vidonge vya usingizi. Sasa mwenyewe kasema anataka kuacha. Shida ni kwamba asubuhi kabla hajanywa mikono inatetemeka hadi kikombe hakishikiki, na jasho linamtoka. Mnywaji wa muda mrefu akikata ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa, kwa hiyo wale wa "mfungie ndani wiki moja" naomba mnipitie mbali.

Tuanzie hospitali kwa daktari wa afya ya akili, au twende moja kwa moja nyumba ya upataji nafuu? Na nyumba hizo mnazipimaje? Mimi nitauliza kama usiku kuna muuguzi, na siku za mwanzo wanampa dawa gani. Wakikataza ndugu kabisa kumwona, hapo naingiwa na wasiwasi.

Halafu kuna aliyehudhuria Al-Anon, vile vikundi vya ndugu wa walevi? Mama halali, nadhani yeye anahitaji msaada kuliko sisi wote.

Bima hatuna.