Miashoki yangu ya Dar imenifia Dodoma: mwarobaini, mjohoro, bogenvilia au minyaa?

MamaWawili_Ilazo

Wadau, habari za Jumapili. Mwaka huu mwezi wa tatu kazi ilinihamishia Mtumba, familia ikafuata, tukapata nyumba Ilazo yenye kiwanja cha mita 20 kwa 30. Tabata nilikuwa na bustani ambayo majirani walikuwa wanakuja kupigia picha za kipaimara. Nikajiambia joto ni joto tu. Kwenye fuso, juu ya makochi, nikapanga miashoki 12 ya kuzunguka ukuta, iksora, krotoni za rangi tatu na viroba sita vya nyasi za Pemba.

Hadi Juni vilikuwa vinacheka. Agosti upepo ukaanza. Krotoni zikapukutisha majani yote ndani ya wiki mbili, zikabaki fimbo. Miashoki imebaki mitano, na hiyo nayo ncha za majani zimekuwa kahawia, zinavunjika ukizishika. Iksora majani ni ya njano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Na ninamwagia kila jioni, maji ya kisima, sijawahi kuruka siku.

Nataka kuanza upya kabla ya mvua. Nahitaji mti wa kivuli mbele, kitu cha kuzunguka ukuta, maua kidogo na sehemu ya watoto kucheza. Nimetajiwa mwarobaini, mjohoro, bogenvilia, oleanda na minyaa. Kila mtu anasema chake ndicho bora. Waliokaa huku muda mrefu, nilinganishieni, tafadhali.

Kitalu_Nkuhungu

Pole dada. Wateja wangu nusu wana hadithi kama yako, tofauti ni idadi ya miashoki tu.

Joto la Dar lina maji ndani yake, la huku halina. Dar wanapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, masika na vuli, na hata pasipo mvua hewa ya bahari inalilowesha jani. Dodoma ni kama milimita 570, msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni miezi saba mikavu, na katikati yake upepo. Halafu tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Julai usiku unavaa sweta. Krotoni haijawahi kuvaa sweta.

Kinachoua ni hivi: upepo mkavu unanyonya maji kwenye jani haraka kuliko mzizi unavyoweza kuyavuta. Udongo unaweza kuwa umelowa na mche ukafa kwa kiu. Mwenye jani pana laini ndiye anatangulia. Ndiyo maana ukiona mche mzuri Februari usiamini, Februari hata ufagio unachipua. Nenda kauangalie Septemba, kwenye nyumba ambayo mwenyewe hana muda wa kumwagia.

La pili ni hayo maji ya kisima. Angalia ukingo wa keni yako ya kumwagilia. Ukiona ungaunga mweupe umekauka pale, ndiyo chumvi na chokaa hizo, na kila jioni unaziongeza kwenye udongo. Iksora inapenda udongo wenye uchachu. Ukiipa maji ya chokaa inashindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yapo ardhini, na dalili yake ndiyo hiyo uliyoieleza, jani la njano na mishipa ya kijani. Wengi wakiona hivyo wanaongeza maji, yaleyale.

Ntyuka_Juu

Bogenvilia. Funga mjadala.

MamaWawili_Ilazo

Kaka, mjadala nafungaje nikiwa na mtoto wa miaka mitatu anayekimbia bila kuangalia mbele? Ile miiba?

Ntyuka_Juu

Miiba ipo, sikatai. Lakini tulinganishe na ulivyotajiwa. Oleanda inavumilia jua, upepo na chumvi, inachanua pinki mwaka mzima, ila ni sumu kuanzia jani hadi ua. Mtoto wa miaka mitatu anapeleka kila kitu mdomoni. Minyaa hata usipoimwagilia inaishi, nyumba nyingi za vijijini huku zimezungushiwa, lakini ukiivunja inatoa utomvu mweupe kama maziwa na ukiingia jichoni utakimbizwa hospitali. Mimi nilipogoa bila miwani mara moja, nikakaa siku mbili kwenye chumba chenye giza. Mwiba wa bogenvilia unachoma, unalia, yanaisha.

Yangu ina miaka sita ukutani. Mwaka wa kwanza niliimwagia, baada ya hapo naipa ndoo moja kwa wiki na wakati mwingine nasahau. Nikisahau ndiyo inachanua zaidi. Ukiipenda sana inakupa majani tu.

Raskazone_Tanga

Naomba niingie hapo kwa sababu sisi wa pwani tunaishi kinyume chenu. Huku masika bogenvilia yangu ni majani matupu, kijani kinanukia unyevu, ua hakuna hadi jua litoke wiki kadhaa mfululizo. Lile waridi la jangwani lenye shina nene, ambalo nyie mnalitupa juani, kwangu lilioza kitako mwezi wa nne. Nililigusa tu likazama kidole.

Kwa hiyo mama usizitukane iksora na miashoki, kosa si lao. Huku iksora inachanua barabarani bila mwenyewe, na mlangilangi ukichanua karibu na dirisha usiku hulali kwa harufu. Adui wetu ni ukungu. Tunapanda kwa nafasi ili hewa ipite, na tunamwagilia asubuhi, kamwe si jioni, maana jani likilala na maji unaamka na madoa meusi. Nyie jioni ndiyo saa sahihi, maji yanapata usiku mzima wa kuzama kabla jua halijayanyang'anya.

Mti pekee nilioona unafanya vizuri huku na huko ni mwarobaini.

Mzee_wa_Mpwapwa

Mbukwenyi wanangu.

Nimesoma yote. Mmezungumzia maua sana, kivuli ndicho kinachokaliwa. Mimi nimepanda miti tangu ujana wangu, nikiwa Kondoa wakati wa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule wa HADO ulioanza 1973. Miaka ile kulikuwa na makorongo yanayoweza kumeza basi, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa ili ardhi ipumue. Kilichotushangaza si tulichopanda. Ni kile kilichoota chenyewe baada ya mbuzi kuondoka.

Sasa mwanangu wa Ilazo, mwarobaini na mjohoro. Wote wawili si wa kwetu, wametoka Asia, lakini wamekwisha kuwa wenyeji. Mwarobaini una kivuli chepesi chenye hewa, unabaki kijani wakati kila kitu kimekauka, na miaka mitatu minne unakaa chini yake na kiti. Ubaya wake ni mizizi na uzao. Uweke angalau mita sita kutoka nyumba, na mbali zaidi kutoka shimo la choo na bomba la maji. Ndege na popo wanakula matunda, wanatupa mbegu kila mahali, utang'oa vichipukizi hadi uchoke. Mjohoro unakua haraka pia na ua lake la njano ni zuri, lakini kivuli chake ni kizito, chini yake hakioti kitu, na majani na maganda yake ni sumu kwa nguruwe kama jirani anafuga. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30 mimi ningechukua mwarobaini mmoja. Mmoja. Watu wanapanda mitano halafu wanashangaa nyumba ina giza.

Ukiwa na subira, mkwaju. Utakuwa unapanda kivuli cha wajukuu, lakini hakuna upepo unaoung'oa.

Kupanda kwenyewe: chimba shimo la sentimita 60 kila upande sasa hivi, kabla ya mvua. Udongo wa juu weka kulia, wa chini weka kushoto. Changanya wa juu na samadi iliyooza kweli, isiyo na harufu, urudishe huo kwanza. Wa chini utengenezee kingo ya nusu mwezi upande wa mteremko ili maji ya mvua yasimame. Usipande kwa mvua ya kwanza, hiyo ni ya kudanganya. Subiri udongo ulowe hadi kiwiko. Tandaza majani makavu, lakini yasiguse shina, maana mchwa wa Dodoma wanapanda kwa ngazi hiyo. Mimi hunyunyizia majivu pale kwenye shina.

Na jambo moja nakuomba. Kama kiwanjani kuna kisiki chochote kinachochipua, usiking'oe. Hicho kina mzizi wa miaka, kimeshafika maji. Watu wa kisiki hai wanafundisha hivyo vijijini siku hizi, na ndivyo tulivyoona Kondoa. Mche wako wa kununua utahitaji miaka kufika pale kisiki kilipo leo.

MamaWawili_Ilazo

Shikamoo mzee. Asante sana. Kisiki kipo nyuma ya jiko, na fundi nilishamwambia aking'oe Jumamosi! Ngoja nimpigie.

Mzee_wa_Mpwapwa

Marahaba. Mpigie sasa hivi.

Mkadiriaji_Kisasa

Nyasi hazijaguswa na ndipo pesa zinapopotelea. Nipige hesabu, ndiyo kazi yangu.

Chukua nyasi mita za mraba 100. Kuzifanya ziwe kijani kiangazi unahitaji angalau milimita 5 za maji kwa siku. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo ni lita 500 kwa siku, tenki la lita 1,000 linaisha kila siku mbili, na kwa mwezi ni yuniti 15 za nyasi tu, hujafua, hujapika. Kiangazi kina miezi saba. Zidisha mwenyewe, mimi nilipozidisha nilikwenda kununua kokoto.

Upande wa pili: paa la mita za mraba 100 kwa mvua ya milimita 570 linakupa lita 57,000. Toa zinazopotea, bado una kama 45,000, na hazina chumvi. Hata ukikinga robo tu, miti yako michanga imepata maji safi hadi Agosti. Gata kwanza, maua baadaye.

Kitalu_Nkuhungu

Kwenye nyasi naongeza. Pemba ni ya pwani, inapenda kivuli na unyevu, huku inakula maji kama ng'ombe. Paspalamu inavumilia maji ya chumvi kuliko zote lakini nayo ina kiu. Ukoka ndio wa kwetu: ukikosa maji unakuwa rangi ya mkeka, watu wanadhani umekufa, Desemba unarudi wenyewe. Panda kipande cha mita 20 za mraba wanapochezea watoto, kwingine acha kokoto na mimea michache ya shina nene. Maji ya kuogea yanafaa kwa ukoka na bogenvilia, ya kufulia yenye sabuni ya unga na dawa ya madoa hapana.

Na unaponunua mche, usichukue ule mlaini uliokaa chini ya neti miezi sita. Sisi wauzaji tunajua unapendeza, ndiyo maana tunauweka mbele. Omba wa nyuma, mfupi, uliopigwa na jua.

Ntyuka_Juu

Leo muuzaji kasema ukweli, kesho itanyesha.

Miyuji_Zabibu

Hakuna aliyetaja mzabibu na tuko Dodoma? Kibarazani kwangu nimejenga kichanja cha mabomba, mizabibu miwili imekifunika. Kivuli, na wanangu wanakula. Kupogoa ndiyo kazi yake, usipopogoa unapata msitu. Na wakati wa mvua utapigana na ubwiri, ule ukungu wa majani. Lakini krotoni ilikupa nini cha kula?

MamaWawili_Ilazo

Nimerudi, wiki sita baadaye. Nilichofanya: mwarobaini mmoja mbele, mita saba kutoka barazani. Bogenvilia nne kwenye ukuta wa barabarani tu, upande ambao mtoto hafiki. Mizabibu miwili kibarazani, Miyuji umenishinda. Ukoka kipande kidogo. Gata nimefunga upande mmoja wa paa, hela iliishia hapo. Miashoki miwili nimeiacha karibu na maji ya bafuni, najua mtanicheka, nimeibeba kutoka Tabata.

Mvua imeshika tangu juzi. Kile kisiki cha nyuma ya jiko kimetoa machipukizi saba. Nimeyakagua kwa karibu: kila kijiti kina miiba ya aina mbili, mirefu myeupe iliyonyooka na mifupi iliyopinda kama ndoana. Majani madogo sana. Mzee, ni mti gani, na nayaacha yote?

Mzee_wa_Mpwapwa

Huo ni mgunga, mwanangu. Miiba ya aina mbili kwenye kijiti kimoja, ndiye yeye. Atakufanyia mwavuli.

Acha mawili, yaliyonyooka na yanayotoka chini kabisa kwenye kisiki. Mengine yakate kwa kisu kikali, usiyavunje kwa mkono. Uliyoyakata yazungushie hapohapo yawe uzio. Jirani ana mbuzi?

MamaWawili_Ilazo

Wanne. Na mmoja anajua kufungua geti.