Wenye baa na grosari, acheni kukata mishahara ya wahudumu wote kwa shoti (upungufu wa fedha au bidhaa) msiyoweza hata kuieleza!

Wakuu, hili jambo limezidi. Mwisho wa mwezi bosi anatangaza "kuna shoti ya laki nne", anaigawa kwa vichwa, kila mhudumu anakatwa, aliyeiba na asiyeiba. Muulize imetokea siku gani, kwenye bia au kwenye kuku, hana jibu. Mwezi unaofuata shoti inaongezeka na yeye anashangaa! Mwizi wenzake wanamlipia, kwa nini aache? Na yule mwaminifu ameshaona kwamba aibe asiibe, atakatwa tu.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, iko wazi. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo. Umpe kwa maandishi chanzo chake, kiasi na namna ulivyopiga hesabu. Umpe nafasi ya kupinga. Usimdai zaidi ya hasara yenyewe, na makato hayo yasivuke robo ya mshahara wake. Kugawa kwa vichwa hakumo humo kabisa.

Mnataka kuzuia wizi? Fungeni hesabu kila zamu. Anayetoka na anayeingia wanahesabu pamoja, wanaandika, wote wawili wanasaini. Mfano: kaunta imeanza na bia 96, stoo imetoa kreti 3 za chupa 25, zimebaki 58. Zimeuzwa 113. Kwa bei ya 2,000 ni shilingi 226,000, na kiasi hicho kionekane chote kwenye fedha taslimu, lipa namba na bili ambazo hazijalipwa zenye jina la mteja. Shoti ikitokea hapo mnajua ni ya zamu ipi na ya bidhaa ipi, usiku huohuo. Ukisubiri siku 30 zamu zimeshapishana mara nyingi mno, hakuna wa kuulizwa.

Ila kuna wizi ambao makabidhiano hayo hayauoni, na ndio unaowamaliza wengi wenu: mhudumu ananunua bia zake kwa bei ya jumla, anazipitishia jikoni, anauzia kwenye meza zako, kwenye friji yako, kwa umeme wako. Stoki yako iko sawasawa, fedha iko sawasawa, baa imejaa na mauzo yameshuka. Hesabuni chupa tupu! Kama kaunta imeuza 113 na kreti za matupu zina chupa 130, hizo 17 zimetoka wapi? Wajanja watazitoa nje hizo tupu, kwa hiyo mtunza stoo aweke alama ya wino kwenye lebo ya kila chupa anapopokea mzigo, na abadilishe rangi kila wiki. Pita mezani saa nne usiku, inua chupa, tazama. Isiyo na alama haikutoka stoo kwako.

Lipa namba nayo ni balaa. Stika iliyobandikwa kaunta inafunikwa na nyingine, au mteja anaambiwa "mtandao unasumbua, tuma kwenye namba hii". Andika jina la biashara kwa herufi kubwa juu ya stika, na uwaambie wateja wasome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Ujumbe wa malipo uingie kwenye simu ya mwenye biashara au meneja, usiishie kwa anayeuza. Taarifa ya miamala ilinganishwe na bili wakati wa kufunga zamu, muamala kwa muamala.

Pombe kali: chupa ya 750 ml inatoa toti 25 za 30 ml. Anayemimina kwa macho anaweza kuuza toti 28 na tatu zikawa zake. Kipimo cha chuma kiwe cha lazima, na chupa zilizofunguliwa zipimwe kwenye mizani ya jikoni zamu inapoisha. Toti moja ya pombe ya asilimia 40 ina gramu 28 hivi. Lakini mizani haikamati iliyochakachuliwa kwa maji, hapo utahitaji haidromita, kifaa cha kupima ukali wa pombe. Jikoni ni rahisi zaidi: kuku mmoja ni robo nne, basi, na nyama ipimwe mbichi mbele ya mteja.

Kamera mnazojivunia mnazielekeza ukumbini! Zielekezeni kwenye droo ya fedha na mlango wa stoo.

Kubwa kuliko yote, acheni kumpa mtu mmoja kuagiza, kupokea, kuuza na kushika fedha, eti kwa sababu ni mdogo wa shemeji. Anayepokea mzigo ahesabu kila kreti kabla ya kusaini, maana kreti ya soda ya chupa 24 inaweza kufika na 22. Kufuta oda iliyokwisha kupigwa kwenye mashine ya mauzo kuwe kwa nywila ya meneja peke yake. Siku hizi nywila hiyo anaijua hadi mlinzi.

Bosi unayetaka kukata mtu mwezi huu, weka mezani karatasi ya makabidhiano ya siku hiyo yenye saini mbili. Kama huna, lipa mishahara ya watu kamili.